Kaburi kulala wazi usiku: wazee wamekataa, na mwamba nao umekataa

#1 MwanaIgombe (Jumatano, saa 3:10 usiku)

Wakuu habari za usiku.

Bimkubwa ametutoka Jumatatu. Mazishi tumepanga Jumamosi saa nane mchana, nyumbani Igombe, ubavuni mwa kaburi la mzee. Mwili uko mochwari, kibali tunacho, paroko amekubali muda, jeneza limeshalipiwa. Kilichobaki ni kaburi lenyewe, na hapo ndipo tumekwama.

Leo vijana walikwenda kupima. Futi mbili udongo, kisha jiwe. Fundi anayewaongoza ni mtu wa kokoto tangu ujana wake, anasema tukianza Ijumaa asubuhi hatumalizi. Anataka aanze kesho. Baba mkubwa na shangazi wamegoma kabisa: kaburi halilali wazi. Lichimbwe Jumamosi alfajiri, mchana mwenyewe aingie. Nikiuliza kwa nini, shangazi anajibu "halilali wazi," basi. Baba mkubwa hajibu kitu, ananitazama tu.

Wanaojua, katazo hili linatoka wapi? Na nyie mnaochimba kwenye mawe ya Mwanza mnafanyaje? Sina siku ya kupoteza.

#2 Bint Kirumba

Pole sana kwa msiba.

Kwetu tuliambiwa shimo likilala tupu linaita. Limefunguliwa kwa ajili ya mtu, sasa usiku umeingia halina mtu, litatafuta. Hivyo tu, wala hakuna hadithi ndefu.

#3 SururuMkongwe

Pole mkuu. Nimechimba makaburi mengi ya mtaani kwetu Mabatini, kule mawe yanakaa juu kama kuku. Kabla hujagombana na shangazi, jua kwanza una jiwe gani.

Chukua nondo ya futi tano, igonge chini kwa nyundo sehemu nne za hilo eneo. Ikilia kama kengele na kukurudishia mkono, huo ni mwamba umeungana na mlima. Ikilia kwa kufifia, au ikikwama hapa ikapita pale nusu hatua, hilo ni jiwe limelala kwenye udongo peke yake. Jiwe la namna hiyo unalizunguka, unalichimbia chini ya tumbo, unalivuta kwa minyororo. Nusu siku. Watu wengi wanapambana na jiwe ambalo wangelihamishia tu pembeni.

Au sogeza kaburi hatua mbili. Lazima liwe ubavuni kabisa?

#4 MwanaIgombe

SururuMkongwe, tumegonga sehemu tano. Zote kengele. Kusogeza ndiyo hatuthubutu, marehemu mwenyewe alionyesha kwa fimbo mwaka jana: "Mimi hapa." Tulicheka siku ile.

#5 Mzee wa Sato

Vijana mnapenda kuweka mizimu kila mahali. Sababu ni fisi. Usukuma huu ulikuwa na fisi, kaburi lenyewe lilikuwa fupi kwa kuwa jembe lilikuwa la mkono. Ukiacha shimo wazi na udongo mbichi unanukia, fisi anazoea njia. Kesho yake ukizika, anarudi usiku anajua pa kufukua. Wazee hawakuwa na muda wa kueleza hayo kwa watoto, wakasema "halilali wazi" wakamaliza.

#6 Bint Kirumba

Mzee wa Sato, fisi wa Igombe mwaka huu umemwona wapi? Au unamsema yule jirani yako?

#7 Mzee wa Sato

😂😂 Yule anakula mchana.

#8 Ngosha Mstaarabu

Mwangaluka wakuu. Poleni wafiwa.

Fisi hapana. Sababu niliyopewa na babu yangu kule Magu ni kipimo. Zamani kaburi halikuanza kuchimbwa mpaka mtu wa ukoo amechukua fito akaupima mwili, akaleta fito ile makaburini. Na mwili haukukaa siku nne kama sasa, mtu amekufa usiku, kesho yake anazikwa. Kwa hiyo haikuwezekana kaburi kulala wazi, kwa sababu haikuwezekana kuchimbwa siku ya kabla. Mochwari ndiyo imeleta hili swali. Tumeongeza siku za mwili juu ya ardhi, lakini mwiko tumeuacha na saa zake za zamani.

#9 Shemeji wa Muleba

Maelezo mazuri, lakini hayajibu kitu. Kama kipimo tu ndiyo sababu, mwiko ungeisha siku utepe wa fundi cherehani ulipofika kijijini. Mbona haujaisha?

#10 Ngosha Mstaarabu

Mhaya akishiba senene anauliza maswali magumu. Ngoja nikatafute babu mwingine.

#11 Ustadh wa Mlango Mmoja

Poleni. Mungu awape subira.

Kwetu Waislamu suala hili mara nyingi halijitokezi, maana tunaharakisha kuzika. Amefariki asubuhi, alasiri tumeshamsalia. Sijawahi kusikia katika dini kwamba kaburi likichimbwa mapema ni kosa. Yapo mambo ya mila tu, na mila si zote mbaya.

Kuhusu mwamba: wakati mwingine ardhi inakataa mwanandani, ule ubavu unaochongwa ndani upande wa kibla. Hapo tunachimba mfereji katikati tu, tunajengea matofali pembeni, mbao zinapita juu, kisha udongo. Mwili unasitirika vilevile. Kwa hiyo mleta uzi usilazimishe futi sita kama ardhi haitaki.

#12 Jembe la Buhongwa

Futi sita ni sheria lakini.

#13 SururuMkongwe

Sheria ya wapi mkuu? Hapa kwetu Mabatini tumezika watu futi nne na nusu, juu tukajenga tofali kozi tatu na zege. Miaka inaenda. Cha muhimu ni kusiwe na harufu, maji yasiingie, na mnyama asifukue. Huko kandokando ya ziwa ndio usiseme, ukifika futi nne unakutana na maji, unachota kwa ndoo huku padri anasoma. Nimeliona hilo Kayenze. Jeneza lilishushwa, tukasikia "chubwi." Mjane alizimia.

#14 Mwanahewa

Mleta uzi, nje kidogo ya mada: kama eneo lenu limeshapimwa viwanja, pita ofisi ya mtaa kabla ya kuvunja jiwe. Igombe ni Ilemela, ni mjini siku hizi hata kama bado kuna mihogo. Unaweza kumaliza mwamba, halafu mtendaji akaja na karatasi.

Na mkishazika, cheti cha kifo msiache kikalala. Usajili unatakiwa ndani ya siku 30, baada ya hapo mnaanza kuandika barua za maelezo. Mirathi, benki, mafao, wote watakuuliza cheti cha RITA.

#15 MwanaIgombe

Mwanahewa ahsante, mtendaji alikuja jana kwenye msiba, kashatoa barua. Hapajapimwa bado upande wetu.

#16 Okoth wa Shirati

Poleni sana ndugu.

Mnanichekesha kidogo (samahani kwenye msiba). Sisi Wajaluo kaburi tunachimba USIKU. Vijana wanaanza jioni, kuna kuku, kuna taa, kuna kitu cha kupasha koo, alfajiri limekamilika. Mchana wake tunazika. Kwa hiyo kaburi letu kila mara limeonja usiku na hatujaisha. Tuko wengi tu.

#17 Shangazi Nyakato

Lakini Okoth, usiku huo kaburi lina watu. Halijalala, limekesha. Kulala ni kuachwa peke yake. Hapo ndipo naona watu wengi humu wanachanganya.

#18 Okoth wa Shirati

Shangazi hapo umenikamata. Ni kweli hakuna anayeondoka. Ukiondoka nyama yako inaliwa.

#19 Mkerewe Asiyeogelea

Ngoja niwape kisa cha kwetu upande wa Sengerema, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa (lile la Juni 2025). Babu mkwe alifia Mwanza. Kaburi lilichimbwa asubuhi kule, sisi tukatoka na mwili mchana. Tukafika Kigongo ziwa limechafuka, kivuko kimesimama, magari mpaka barabarani. Tulikaa pale na jeneza kwenye gari tukinunuliana mahindi ya kuchoma. Tumevuka giza limeingia, mvua juu. Kuzika usiku hawakutaka.

Kwa hiyo kaburi likalala wazi. Wazee walikata mgomba wenye urefu wa mtu, wakaulaza ndani, wakaufunika kwa shuka kuukuu. Asubuhi wakautoa, wakautupa porini bila kugeuka nyuma. Tukazika. Niliuliza maana yake, nikaambiwa "kaburi lilikuwa na mgeni, basi." Hakuna aliyekufa baadaye. Isipokuwa mbuzi, lakini yule aliliwa kwenye matanga.

#20 Jembe la Buhongwa

Hiyo ya mgomba nimeiona pia, lakini kwetu ilikuwa kaburi lililoachwa kabisa. Ndugu waligombana mzee azikwe wapi, upande mmoja ukachimba Misungwi, mwingine ukashinda, akazikwa Kwimba. Lile la Misungwi halikufukiwa hivihivi. Mgomba ukazikwa kama mtu, na udongo ukarudishwa wote.

#21 Okoth wa Shirati

Mkigombea maiti bado hamtufikii sisi. Wakili S.M. Otieno wa Nairobi, mjane anataka Matasia, ukoo unataka Siaya. Kesi miezi mitano. Ilikuwa 1988 hivi.

#22 Mwanahewa

Okoth, alifariki Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Ukoo ulishinda. Na tusiende huko, mleta uzi ana mwamba na siku mbili.

#23 Mtoto wa Igoma Stendi

Mimi nauliza tu. Pale makaburi ya Igoma walizikwa watu wengi wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1997. Kuna mtu aliuliza shimo limelala au limekesha? Wakati mwingine maisha hayana nafasi ya miiko.

#24 Shangazi Nyakato

Ni 1996. Tarehe 21 Mei 1996. Tarehe ile usikosee ukiwa unaongea na watu wa Mwanza.

Na mimi nina mtu pale. Kaka yangu. Jina lake hatukuweza kulilinganisha na mwili, kwa hiyo hatujui ni lipi. Tukienda tunaanza mwanzo wa safu tunamalizia mwisho, kila moja tunalisemesha kidogo. Mama yetu mpaka anaondoka duniani, kilichomuuma hakikuwa kwamba mwanawe alizikwa na wengi. Kilichomuuma ni kwamba hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwepo kushika jembe. Kwa hiyo usiseme watu hawakuuliza, mwanangu. Waliuliza wakakosa wa kumjibu.

#25 Mtoto wa Igoma Stendi

Nisamehe shangazi. Niliandika kwa haraka.

#26 Shangazi Nyakato

Yameisha. Ulikuwa hujazaliwa.

#27 FundiKompresa

Narudi kwenye jiwe. Kuna njia tatu, zote nimezifanya.

Moto. Unapanga magogo juu ya mwamba, unachoma saa tatu nne mpaka jiwe limekolea, unamwaga maji ya baridi kwa mkupuo. Linapasuka tabaka kama mkate uliokauka, unatoa kwa mtaimbo, unarudia. Ndiyo njia ya watu wa kokoto. Ubaya ni kwamba kaburi la mzee liko ubavuni, zege lake litapata joto na kupasuka. Na wengine wanachoma matairi, tafadhali msifanye hivyo, moshi ule waombolezaji watakohoa mpaka arobaini.

Kompresa na drili. Haraka na safi, ila kelele, na gari lazima lifike. Kwa futi nne za mwamba mzima, urefu wa jeneza, hesabu siku nzima kama hamkatiki mafuta.

Baruti. Msithubutu. Ina vibali vyake na wataalamu wake, na nyumba ya marehemu iko hatua thelathini.

#28 MwanaIgombe (Alhamisi, saa 1:20 asubuhi)

FundiKompresa ahsante sana, nimekutafuta faraghani.

Nimepata kitu usiku huu. Mjomba mmoja tulikaa naye kwenye moto, watu wamelala, akaniambia. Mzee alipofariki 1998 kaburi lake nalo lilikuwa jiwe. Wachimbaji walianza siku moja kabla, wakashindwa, wakaenda kulala. Likalala wazi. Siku ya arobaini ya mzee, bibi mzaa baba naye akaondoka. Baba mkubwa ndiye aliyewaruhusu wachimbaji waende kulala.

Sasa naelewa kwa nini ananitazama tu.

#29 Mzee wa Sato

Duh.

#30 Shemeji wa Muleba

Pole. Lakini bibi alikuwa na umri gani?

#31 MwanaIgombe

Themanini na kitu. Alikuwa hali vizuri tangu mwanawe afariki.

#32 Shemeji wa Muleba

Basi mama alikufa kwa uchungu wa mtoto. Hilo halihitaji shimo.

#33 Bint Kirumba

Shemeji, kwa hesabu zako uko sawa. Nenda sasa kamwambie baba mkubwa, aliyebeba jambo hilo tangu 1998.

#34 Mjukuu Msumbufu

Wote mmekosea. Kaburi halilali wazi kwa sababu yetu sisi wajukuu, watani wa marehemu. Bibi yangu alipofariki tuliwahi shimo saa kumi na moja alfajiri, tukalala ndani watatu. Hatoki mtu mpaka tulipwe. Wanatuita, tunajibu "nyumba ina wapangaji." Ilibidi shangazi zangu wachange, na crate ya soda juu. Sasa fikiria tungekuwa na usiku mzima, tungehamia na magodoro.

#35 Jembe la Buhongwa

😂😂😂 Hii ndiyo sababu ya kweli. Fungeni uzi.

#36 Ngosha Mstaarabu

Utani una kazi yake. Pale kaburini kuna dakika ambayo kila mtu anataka kudondoka, anatokea mjukuu mpumbavu, watu wanacheka huku machozi yanatoka. Msiwazuie. Ila muwatengee elfu kumi kwenye bajeti, msije mkaanza kupekuana mifuko mbele ya padri.

#37 Katekista Mstaafu

Poleni sana. Kwa kuwa mleta uzi ametaja paroko, nawakumbusha mambo mawili.

Kwanza ibada ya kaburini inaanza kwa kulibariki kaburi. Mimi nimewahi kuwaeleza wazee kwa njia hii: kabla ya baraka ni shimo, baada ya baraka ni kaburi. Wengine walikubali, wengine walinitazama kama huyo baba mkubwa.

Pili ratiba. Mmeweka saa nane, na kwenye misiba ya mjini salamu za rambirambi zinameza saa mbili nzima. Kila kikundi kinataka kusimama: jumuiya, VICOBA, wafanyakazi wenzake wa mtoto wa pili. Mpeni mshereheshaji mtu mmoja asome salamu zote, wasifu usizidi ukurasa, na wasifu uandikwe na anayejua tarehe. Nimesikia wasifu mmoja marehemu anabatizwa kabla ya kuzaliwa.

#38 Mwanahewa

Na mwelekeo? Kichwa wapi?

#39 Katekista Mstaafu

Desturi ya zamani ya Kikristo ni kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo aamke akitazama jua linakochomoza. Siku hizi kwenye mawe watu wanafuata jiwe linavyotaka.

#40 Ustadh wa Mlango Mmoja

Hapa Mwanza kuna jambo zuri. Kibla chetu ni kaskazini. Maiti analazwa ubavu wa kulia akikitazama, kwa hiyo kichwa kinakuwa mashariki. Maana yake Mkristo na Mwislamu wakizikwa Mwanza wanalala mstari mmoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Kama watoto waliolala kitanda kimoja, mzungu wa nne.

#41 Mwanahewa

Si kaskazini kamili ustadh. Kutoka Mwanza, Makka iko nyuzi kama 15 kuelekea mashariki mwa kaskazini.

#42 Ustadh wa Mlango Mmoja

Sahihi, ahsante. Basi wamelala mstari mmoja, mmoja wao kajikunja kidogo.

#43 SururuMkongwe

MwanaIgombe, katekista kakupa mlango. Sisi Mabatini tuna njia yetu, na wazee wetu wanaikubali. Anza leo Alhamisi. Chimba, vunja, piga kompresa, lakini usimalize. Acha futi moja ya chini, na kuta usizinyooshe. Jeneza haliwezi kuingia, kwa hiyo si kaburi, ni machimbo. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri wachimbaji wanamalizia futi ya mwisho na kunyoosha pembe. Kaburi limezaliwa siku hiyohiyo. Lakini hiyo futi ya mwisho iwe ya jiwe lililokwisha kupasuliwa, msije mkakwama tena.

#44 Mkerewe Asiyeogelea

Hii ni janja ya wanasheria.

#45 SururuMkongwe

Mila yote ni janja ya wanasheria, mkuu. Mgomba wenu ule ulikuwa nini?

#46 Shangazi Nyakato

Ongezeni na watu. Usiku wa leo na wa kesho wawepo wawili watatu pale na moto. Na nakushauri mwanangu, mmoja wao awe baba mkubwa. Usimlazimishe. Mpelekee kiti tu na blanketi, ukiweke pale, uondoke.

#47 MwanaIgombe (Alhamisi, saa 6:45 mchana)

Kompresa imefika. Shangazi amesikiliza habari ya futi ya mwisho, amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na hiyo futi mtaipima kwa mguu wa nani?" Tumekubaliana mguu wake. Nitarudi tukimaliza.

#48 Bint Kirumba

Huyo shangazi mimi nampenda.

#49 Mzee wa Sato

Kila la heri. Mkimaliza njooni Kirumba mwaloni, nina sato wa matanga kwa bei ya mfiwa.

#50 MwanaIgombe (Jumatatu, saa 2:30 usiku)

Wakuu, tumeshamlaza mama. Wabeja sana.

Kompresa ilipiga Alhamisi mpaka magharibi na Ijumaa mpaka saa tisa. Mwamba ulikuwa mgumu juu, chini ukawa na nyufa. Tukafika futi nne na nusu, tukaacha mguu mmoja wa shangazi, ambao ni mdogo, kwa hiyo fundi alifurahi. Alhamisi usiku walikesha vijana. Ijumaa nilipeleka kiti na blanketi kama nilivyoambiwa. Saa sita usiku nilipochungulia, kiti kilikuwa na mtu. Hakuongea na yeyote. Alfajiri yeye ndiye aliyeshuka kwanza na tindo, ana miaka sabini na tisa, tukambembeleza atoke akakataa mpaka amechonga pembe moja.

Wajukuu waliruka ndani. Elfu kumi haikutosha, Ngosha uliwakadiria vibaya. Salamu za rambirambi zilisomwa na mtu mmoja, dakika ishirini, padri akatushukuru hadharani.

Bado sijui sababu ya mwiko. Nilimuuliza baba mkubwa jana, akasema ni umande. Udongo wa kaburi ukilowa umande unakuwa mzito kwa marehemu. Hiyo hata humu haijatajwa.

#51 Ngosha Mstaarabu

Umande! Hiyo babu yangu hakuisema. Naiongeza kwenye orodha.

#52 Shemeji wa Muleba

Kwenye mwamba hakuna udongo wa kulowa.

#53 Bint Kirumba

Shemeji, kalale.

#54 MwanaIgombe

Sasa nina jingine. Lile jiwe lililotoka ni rundo kubwa, limepasuka vizuri, karibu nusu ya Fuso. Udongo wa juu wote tulirudisha, ila jiwe halikuweza kurudi lote. Fundi anaomba alichukue, akagonge kokoto, atupunguzie deni la siku ya pili. Shangazi anasema kitu kilichotoka kaburini hakiondoki nyumbani. Baba mkubwa anasema tujengee uzio wa makaburi. Mdogo wangu anajenga chumba, anazitaka za msingi.

#55 Jembe la Buhongwa

Msingi wa nyumba kwa kokoto za kaburi?? Mdogo wako anaishi peke yake?

#56 SururuMkongwe

Kokoto ni kokoto. Nusu ya nyumba za Mabatini hujui jiwe lake limetoka wapi.

#57 Mzee wa Sato

Ndiyo maana hampati usingizi Mabatini.

#58 Shangazi Nyakato

Uzio. Na lile moja alilochonga baba yako mkubwa mlitenge.